Robo saa ambayo Mama Mita hakuing’ang’ania

Kengele ya kuingia kazini haijalia, lakini Mama Mita amekwisha kuchuchumaa mbele ya sanduku la kwanza la umeme. Anapangusa kioo cha mita kwa kiganja, anamulika kwa tochi ya simu, anasoma tarakimu midomo ikichezacheza, kisha anaziingiza kwenye kishikwambi. Anainuka akishika kiuno na kuelekea sanduku la pili.

Hiki ni kiwanda cha taulo na mashuka. Kuna ukumbi wa kufuma, wa kutia rangi, wa kushona, na huko nyuma kabisa, baada ya mapipa ya dawa, kuna ukumbi mmoja uliofungwa kwa kufuli. Kazi yake ni kujua kila ukumbi umekula umeme kiasi gani, kuchora grafu, na mwisho wa mwezi kuwaonyesha wakubwa ni wapi unapotea bure.

Jina lake la nyumbani wengi hapa hawalijui wala hawalihitaji. Akipita, feni zinazimwa. Akishapita, zinawashwa.

“Wananiona kama mwenye nyumba aliyekuja kudai kodi,” anasema, naye anacheka kidogo.

Anacheka mpaka anapofika kwenye ule mlango wa kufuli. Hapo hakuna tena cha kusoma, ila kila asubuhi lazima apite, maana ndiyo njia ya kwenda kisimani. Anaugusa mlango kama mtu anayepima joto la mtoto, anapita.

“Hapa ndipo nilipoharibu,” anasema.

Ili kuelewa aliharibu nini, ni vizuri kumjua kwanza mjomba wake. Mama yake alipofariki, huyu mjomba ndiye aliyemchukua, akamlea pamoja na watoto wake, akamsomesha mpaka chuo cha ufundi. Alipomaliza, mjomba ndiye aliyesimama getini pa kiwanda hiki kumwombea kazi, kofia mkononi. Yeye mwenyewe alifanya kazi katika ukumbi huo wa nyuma, kwenye mashine kubwa za kukaushia taulo. Alikaa hapo muda mrefu mpaka wenzake wakambandika jina la Jua, kwa sababu, walisema, bila yeye hakikauki kitu.

Mwaka juzi umeme ulipanda bei, na wakubwa wakataka kujua mlaji mkubwa ni nani. Mama Mita akakusanya usomaji wake wote, akachora grafu. Ukumbi wa kukaushia ukasimama juu ya wenzake wote kama twiga, peke yake ukila karibu theluthi ya umeme wa kiwanda.

Katika kazi hii kuna utaratibu ambao kila anayeisomea hufundishwa mapema: kabla hujaiita mashine mlafi, izime, kisha nenda ukaitazame mita yake. Ikisimama, umempata mwizi wako. Ikiendelea kwenda, ujue kuna kitu kingine kimeunganishwa hapo. Ni jambo la robo saa tu.

Robo saa hiyo Mama Mita hakuipata, au tuseme ukweli, hakuing’ang’ania. Oda zilikuwa zimebana, taulo mbichi zikilala hunuka, na msimamizi wa ukumbi alipodokezewa tu habari ya kuzima alikuja juu. Mama Mita akasema haya, yaishe. Kisha kulikuwa na jambo jingine, ambalo analieleza akitazama chini. Ndiyo ilikuwa mara yake ya kwanza kuitwa kwenye kikao cha wakubwa, na alitamani mno siku hiyo ifike.

“Nilikuwa nimenunua hadi viatu,” anasema.

Siku moja kabla ya kikao, wakiwa kantini, mjomba alimuuliza kwa upole kama ameziangalia vizuri hesabu za ukumbi wao. Meza nzima ilikuwa inasikiliza. Mama Mita akajibu jibu ambalo mpaka leo likimjia anapoosha vyombo huacha sahani ndani ya maji.

“Mjomba, mita haina undugu.”

Meza ikaangua kicheko. Jua naye alicheka, tena akageuka na kuwaambia wenzake kwa fahari kwamba huyo ndiye mtoto aliyemlea yeye.

Grafu ilipigiwa makofi. Baada ya muda ukumbi ukafungwa, mashine zikauzwa kama vyuma chakavu, na kazi ya kukausha akapewa mkandarasi wa nje. Watu kumi na mmoja walirudi nyumbani na kiinua mgongo chao, Jua akiwa wa mwisho kutoka, maana alitaka kufagia kwanza.

Wahenga wanasema majuto ni mjukuu. Kwa Mama Mita, mjukuu huyo alifika Jumatatu asubuhi, kabla hata hajanywa chai. Alifungua sanduku la ule ukumbi ili aandike sifuri na kulifunga jumla. Mita ilikuwa inakwenda. Ukumbi mtupu, sakafuni mashimo ya misumari ya mashine zilizong’olewa, na tarakimu zinapanda. Mpaka jioni alikuwa amehesabu: zaidi ya nusu ya kile alichokuwa akiwaandikia watu wa kukaushia kilikuwa bado kinaliwa, na wao wenyewe wako majumbani mwao.

Alimwita fundi umeme, wakafuata waya ukutani, wakatoka nao nje, ukawafikisha kisimani. Ilikuwa pampu, ile inayovuta maji ya kiwanda kizima mchana na usiku. Zamani waya wake uliungua, na fundi mmoja, ambaye alishastaafu, akaichomekea kwenye sanduku lililokuwa karibu, kwa muda tu, mpaka waya mpya uletwe. Kila aliyewahi kufanya kazi kiwandani anajua kwamba hakuna kitu kinachodumu kama kilichofungwa kwa muda tu.

Alikwenda kwa meneja siku hiyo hiyo akiwa na grafu mpya. Meneja hakumfokea. Aliitazama, akavua miwani, akamwambia mashine zimekwisha kuuzwa, mkandarasi amekwisha kusaini, na maji yakimwagika hayazoleki. Pampu ikapewa mita yake, ukumbi ukapigwa kufuli.

Angalau angekasirikiwa, anasema, ingekuwa nafuu. Lakini kilichomkaa kooni zaidi si meneja. Ni kwamba Jua aliziamini hesabu zake. Alirudi nyumbani akiwa na hakika kwamba yeye na wenzake ndio waliokula umeme wa kiwanda, na mara ya kwanza Mama Mita alipokwenda kumsalimia, mzee huyo alimwomba msamaha kwa kumtia aibu kazini. Mama Mita alijikaza kisabuni, akasema yamekwisha, mjomba. Akaendelea kwenda kila Jumapili, na sukari mkononi, na lile neno halitoki.

Jumapili iliyopita alipiga moyo konde, akakubali mwandishi wa makala haya afuatane naye.

Nyumba ya Jua ina vyumba viwili. Mapazia yamefunguliwa yote ili mwanga wa nje utoshe, na taa haiwashwi mpaka mtu ajikwae. Friji imechomolewa, ndani yake mke wake amepanga sahani na vikombe. Anatuambia kwamba tangu atoke kazini mumewe amekuwa askari wa swichi, na kwamba hata redio husikiliza taarifa ya habari tu, kisha kimya. Jua anatabasamu. Anasema mtu akishajua kwamba alikuwa mharibifu, hana budi kujifunza uzeeni.

Mama Mita hakai. Anasimama karibu na friji na kueleza yote, habari ya pampu, ya waya, ya robo saa, mpaka ya viatu.

“Kwa hiyo hatukuwa sisi?” anauliza Jua.

“Hamkuwa ninyi, mjomba.”

Mzee anageuza viganja vyake na kuvitazama.

“Na muda wote huu unakuja hapa, unakula na sisi, ulikuwa unajua?”

Mama Mita anaitikia kwa kichwa. Machozi yanamtoka na hayafuti. Mjomba hamwambii kwamba amemsamehe, wala mpwa wake haombi aambiwe hivyo. Anachosema Jua, baada ya kukohoa mara mbili, ni kingine.

“Mimi umeniambia. Wenzangu je?”

Ndipo wanapoanza kuwataja mmoja mmoja. Watatu wako karibu, na Jua anasema atavaa viatu waende wote, kwa sababu kuna mmoja ana hasira na akimwona Mama Mita peke yake atafunga mlango. Lakini wengine walihama walipoishiwa kodi. Namba zao hazipatikani. Mmoja inasemekana anauza mkaa mji mwingine, na huko alikoomba kibarua cha kiwandani walimkataa baada ya kusikia alitoka ukumbi gani. Mke wa Jua amekwisha kuanza kutoa sahani ndani ya friji.

Kazini, Mama Mita sasa haandiki jina la ukumbi wowote kwenye ripoti kabla hajapewa robo saa yake ya kuzima. Wasimamizi wananung’unika, naye huketi juu ya ndoo mbele ya sanduku mpaka wazime. Anataka kuwashawishi wakubwa waweke mashine ndogo ya kukaushia, ya gesi, ili hata wawili watatu warudi. Hajui kama watamkubalia, na Jua, anavyoona yeye, hataweza tena kusimama kutwa.

Lakini lililomfanya akubali kuhojiwa si hilo. Aliuliza kama gazeti hili hufika mbali, kule ambako miguu yake na ya mjomba haitafika. Akaombwa aseme angependa iandikwe nini hasa. Alifikiri kidogo.

“Andika tu: ninyi wa ukumbi wa nyuma, mtajijua. Hamkuwa ninyi. Ilikuwa pampu.”