Shavuni ni Salamu, Kolani ni Kesi

Saa mbili asubuhi, Maryvonne Kerdoncuff anajipaka rangi nyekundu ya mdomo mbele ya kioo, kisha anabusu shati kwenye kola. Analitundika, anachukua la pili na kulibusu mahali palepale. Yapo tisa yanayofanana, ya kubadilisha kila tukio linaporudiwa, yote ya mume mmoja mzinzi wa kwenye filamu.

Maryvonne, 58, hutunza mavazi ya filamu jijini Nantes. Safari hii ni vichekesho vya mapenzi: mume anachepuka, mke anagundua, watazamaji wanacheka. Filamu zikiadimika, anashona mapazia ya watu.

Mwongozaji wa filamu, Bastien, anaingia na kikombe cha kahawa.

"Bi Maryvonne, nimebadili mawazo. Alama tuiweke shavuni, kamera iione vizuri."

"Shavuni? Mwanangu, hapa mtu akishuka kununua mkate anarudi na mabusu ya mashangazi watatu. Mkewe atamuuliza tu, 'Hawajambo?'"

Mafundi wa taa wanaangua kicheko. Bastien anakunywa kahawa yake.

"Shavuni ni salamu," anamalizia Maryvonne. "Kolani ni kesi."

Anajua anachosema. Miaka sita iliyopita, akipanga nguo za kufua, alikuta alama kama hiyo kwenye shati la mumewe, Gildas, dereva wa tramu.

"Nilicheka kwanza. Nikasema, loo, kazi imenifuata nyumbani! Halafu nikalia hadi macho yakavimba."

Gildas alihamia kwa yule mwanamke. Tangu hapo Maryvonne hajipaki rangi ya mdomo ila kazini, na huifuta kabla ya kutoka.

Penzi lile lilikwisha. Gildas sasa anaishi peke yake na anaomba kurudi. Jumapili hii anakuja kula chakula cha mchana, mara ya kwanza tangu aondoke. Maryvonne ameshaagiza kuku wa kuoka.

Je, atamrudisha?

"Moyo unamtaka, sitadanganya. Lakini aliyeumwa na nyoka akiona ung'ongo hushtuka."

Anamaliza shati la tisa. Kitambaa cha kufutia mdomo kipo mezani, hakigusi. Anatia rangi yake mkobani na kuvaa koti.

"Jumapili nitajipaka. Nitamsalimia kama jirani, shavu hili, shavu lile."

Na kolani?

"Kolani asubiri."