Viazi vya Gari la Wagonjwa

Viazi vyenye udongo mbichi vina harufu yake, na dawa ya kuoshea sakafu ya hospitali ina yake. Zikichanganyika ndani ya gari lililofungwa madirisha, hiyo ndiyo harufu ya mwaka baba aliponunua gari la wagonjwa. Lilikuwa limechakaa kwenye zahanati ya mashamba ya ngano ya serikali, chini kwenye tambarare za Hanang. Sisi tulikaa juu, kwenye kijiji cha Daudi, ambako viazi vilistawi lakini kila jirani alikuwa na vyake. Kule chini kulikuwa na wafugaji, madereva wa matrekta na familia zao, wote wakihitaji kula. Baba aliuza maksai wetu wote wawili, akalileta gari nyumbani na kupaka rangi ya bluu juu ya msalaba mwekundu. Kitanda cha chuma cha mgonjwa kilikataa kung'oka, kwa hiyo tulipanga magunia pembeni yake. Viazi visipouzika, msimu wa kulima ungetukuta na plau isiyo na wa kuikokota.

Nieleze jambo moja, maana bila hilo hofu yetu haieleweki. Kwetu Wairaqw, siku zile, nyumba iliyofiwa ilikaa peke yake. Majirani hawakuja kuomba moto wala kuazima chungu, na wafiwa hawakwenda kwa watu, mpaka siku zao ziishe. Wafugaji wa kule chini nao walikuwa na mwiko kama huo. Haukuwa ukatili, watu walitaka kifo kisiizoee njia. Wazazi wangu walikuwa watu wa kanisa, lakini mila hiyo ilikuwa bado mioyoni mwa wengi, na mwetu pia kidogo. Sasa gari ambalo watu wamekata roho ndani yake, siku zake zinahesabiwaje? Nani atasema zimeisha? Hakuna aliyejua. Tuliposhuka mara ya kwanza kwenye mnada wa Dirma, mvua ililowesha ile rangi nyepesi, na msalaba ukajitokeza chini yake kama mtu anayechungulia.

"Mama Martha!" muuza vitunguu mmoja alimwita mama yangu. "Viazi vyako vinaumwa nini hata vikalazwa?"

"Vinasubiri sindano!" akadakia mwenzake.

Watu walicheka, lakini hakuna aliyenunua. Tulipandisha mlima na magunia yetu yote.

Mnada uliofuata, mama alifungua mlango wa nyuma, akatandika kanga juu ya kile kitanda cha chuma, akamlaza mdogo wangu Boay, aliyekuwa hajaanza hata kukaa. "Wewe kaa hapa karibu naye," aliniambia. "Usiondoke." Kisha akasimama mlangoni na debe lake, akitabasamu kama mtu asiye na shida. Mama mmoja wa Kibarabaig, wale wafugaji wa tambarare, bangili zikigongana mkononi, aliinama akamtazama mtoto kwa muda mrefu.

"Ni wako?"

"Wangu wa kumzaa."

"Na analala humo?"

"Humo humo."

Akaenda zake bila kununua. Mimi nilibaki nikitazama tumbo la Boay likipanda na kushuka. Kila alipokohoa, nilimwekea kiganja kifuani. Safari moja alilala kimya mno, nikamfinya mguu. Alipopiga kelele, mama aligeuka kwa kasi hata debe likamponyoka na viazi vikatapakaa matopeni. Lakini kila mnada yule mama mwenye bangili alirudi, akimtazama mtoto kwanza, viazi baadaye. Siku moja aliwageukia wenzake. "Bado yupo," alisema, "na amenenepa!" Akanunua debe zima. Wenzake wakafuata. Kabla ya mvua za kulima, zizini mlikuwa na maksai tena.

Leo magari ya wagonjwa yanapita kwenye lami yakiwaka taa, na hakuna anayeuliza yalimbeba nani jana. Mashamba yale yana wenyewe wengine. Boay ana mvi. Krismasi iliyopita, baada ya kula, alilala kwenye kochi la mama, nami nikajikuta nimesimama mlangoni nikitazama tumbo lake. Mama, ambaye siku hizi anatembelea fimbo, aliniona akacheka. Ndipo nikamuuliza nililolibeba miaka yote: hakuogopa kumlaza kwenye kile kitanda cha chuma?

"Nani kakuambia sikuogopa?" alisema. "Ulidhani nilikuweka ulinde viazi?"