Shahada Isiyobana

Tangazo lilisema ni shahada ya uzamili isiyombana mtu. Unasoma ukiwa nyumbani, kwa muda wako, na ukielemewa unaruhusiwa kusimama mwaka mzima. Nilikuwa mwalimu wa hesabu wa sekondari, nikiishi Njoro na wanangu, na muda wangu mwenyewe sikuwa nao. Nikajiandikisha hivyo hivyo. Somo lilikuwa michoro ya kompyuta na teknolojia ya tovuti, chuo kiko Ulaya, na langoni kwake sijakanyaga hadi leo.

Intaneti wakati ule tuliifuata mjini, kwenye kibanda cha kompyuta za kulipia. Alasiri moja nilikuwa nangoja ukurasa wa chuo ufunguke, unashuka mstari kwa mstari, nikaona kwenye kompyuta ya jirani mwanamume wa Kihindi, rika langu, anangoja nembo ile ile.

"Na wewe?" akauliza.

"Na mimi."

"Somo la pili umelielewa?"

"Hata la kwanza sijalielewa."

Akacheka kidogo, akasogeza kiti.

Baba yake alikuwa na duka la vitambaa karibu na soko, naye akatupa stoo ya nyuma. Tukaweka kompyuta ya mwenzangu katikati ya majora. Nikitoka shule, vidole bado vina chaki, napita dukani. "Shikamoo, mzee." Mzee anaitikia bila kuinua macho kutoka kwenye mkasi wake, nami naingia stoo. Kompyuta ile ilichukua saa nyingi kukamilisha picha moja, na ilikuwa miaka ya mgawo wa umeme. Ukikatika picha ikiwa nusu, hatukulalamika hata. Tulikunywa chai, ukirudi tunaanza upya.

Mradi wa mwisho tuliruhusiwa kufanya wawili. Tulichagua kuuchora kwa kompyuta mteremko wa kwetu Masama, juu mlimani: migomba, kahawa na mfereji unaopita kati, ili mtu aliye popote auzungushe kwenye kioo na kuutazama kila upande. Mimi nilishika hesabu, yeye rangi. Jumamosi moja nikampandisha kwetu. Alipiga picha migomba kutoka chini, kutoka juu, kutoka ubavuni, mpaka mama akaninong'oneza kwa Kichagga, akiuliza kama kwao huyu mgeni hakuna ndizi.

Baadaye baba yake akapata kiharusi. Mkono wa mkasi ukalala, na duka likabaki kwa mwenzangu. Vitambaa vya bei rahisi vilikuwa vinamiminika kutoka mpakani Holili, kila mtaa una muuzaji, na yeye ilimbidi asimame kaunta tangu asubuhi mpaka kufunga.

"Nimesimamisha masomo tu," aliniambia. "Si wanaruhusu?"

"Wanaruhusu."

Mwaka ukapita, akasimamisha tena. Mara ya tatu wakamwandikia kwamba muda wake umekwisha. Nilimkuta anakunja kanga. Alinieleza kwa sauti ya kawaida, kama anayetaja kitambaa kilichoisha dukani, kisha akasema, "Malizia wewe, mwalimu. Stoo ipo."

Niliendelea peke yangu. Kuna alasiri nililaza kichwa kwenye jora la satini nikalala, na kuna wiki sikuigusa kazi ile kabisa. Kijani cha migomba alichokianza sikuweza kukifikia. Kila nikijaribu kinakuwa kama cha plastiki. Nikaacha rangi zake zilivyo, nikaandika kwenye ripoti kwamba ni kazi yake.

Matokeo yalikuja kwa barua pepe, baada ya miaka mingi kuliko niliyokuwa nimewaambia wanangu. Nimefaulu. Niliusoma ujumbe kwenye kibanda kile kile cha mjini, nikingoja furaha, ikaja kidogo, kama mgeni asiyekusudia kukaa. Nikavuka barabara hadi dukani.

"Matokeo yametoka," nilimwambia. "Nimefaulu."

"Hongera, mwalimu." Alinitazama vizuri. "Umechoka?"

"Nimechoka."

Akanivutia kigoda nyuma ya kaunta, akanimiminia chai. Mzee alikuwa kwenye kiti chake, mdomo umepinda upande, akauliza taratibu miaka yote ile stoo tulikuwa tunasoma nini. Mwanawe akamjibu kwa lugha yao, kwa kirefu. Sikuelewa neno, ila niliona mikono yake ikishika kitu hewani na kukizungusha polepole, na mzee akiinamisha kichwa kama vile anataka kuona upande wa pili.

Wateja waliingia, mwenzangu akaenda kuwapimia. Chai yangu ilipoa. Nilikuwa na madaftari ya kusahihisha nyumbani, lakini nilibaki pale na mzee mpaka duka likafungwa.