Mpira wa Pili wa Nkoma

Tulikwenda Nkoma kwa sababu mkuu wa chuo alikuwa amechoka kutupokea tukiwa tumefungwa. Timu yetu ya wasichana ya mpira wa kikapu, hapa Bariadi, haikuwa imeshinda mchezo hata mmoja tangu ianzishwe, na mimi Doto nilikuwa nahodha wake, cheo ambacho hakuna mwingine aliyekitaka. Mkuu alituita akatuambia kwa upole uliotutisha kuliko ukali: "Nendeni kwenye mashindano ya mavuno. Mkirudi bila ushindi, uwanja ule naufanya banda la kuku wa mradi." Nami niliupenda uwanja ule, na nyufa zake zote.

Asubuhi tuliondoka kwa fuso lililokuwa linakwenda kusomba pamba, maana gari la chuo lilikuwa bovu. Tulikaa juu ya magunia matupu. Kocha wetu, Madamu Limi, ni mwalimu wa hesabu aliyepewa timu kwa kuwa ndiye pekee aliyekuwa na raba. Alikaa mbele na dereva, akisoma kanuni za mchezo kwenye simu. Kabula, mrefu kuliko sote, alikuwa ameukumbatia mpira. Timu zikimwona Kabula hutuogopa, mpaka mpira umfikie. Hapo hufumba macho.

Lagangabilili tulisimama kwa fundi baiskeli tujaze mpira upepo. Fundi akauliza tunakwenda kucheza wapi. Tulipomwambia, akacheka peke yake.

"Nani anaamua?" akauliza.

"Tumeambiwa ni Mzee Masanja," nikasema.

"Haya. Mkamsalimie," akasema, akaendelea kucheka huku anapiga pampu.

Nkoma tulifika jua likiwa kali. Pamba ilikwisha kuvunwa, watu walijaa mbele ya ghala, na sufuria za nyama zilikuwa motoni. Wapinzani wetu kutoka Malampaka walishafika, wamevaa sare mpaka soksi. Mzee Masanja, ambaye kazi yake ya miaka mingi ni kuamua mashindano ya ngoma, alikuja kutupokea.

"Mwadila, mayu," alimsalimu Madamu Limi kwa Kisukuma.

"Mwadila, baba. Tunaanza saa ngapi?"

"Sasa hivi. Ninyi mtacheza goli hili, wenzenu lile kule."

"Mpaka mapumziko, ndiyo. Baadaye tunabadilishana."

"Mbadilishane nini? Kila mtu na kwake."

Hapo nikaelewa kicheko cha fundi baiskeli. Huku kwetu ngoma mbili huchezwa kwa wakati mmoja, kila moja upande wake, na watazamaji huhama kwa miguu yao kwenda wanakofurahishwa. Iliyobaki na watu wengi mwishoni ndiyo iliyoshinda. Mzee Masanja hakuona kwa nini mpira uwe na utaratibu mwingine.

"Baba, mpira huu unagombaniwa," Madamu Limi alisema. "Uko mmoja tu."

"Hilo nililisikia, nikaona aibu. Wageni wagombanie mpira mmoja? Nimewanunulia wa pili." Akautoa kwenye gunia, mpya kabisa.

Kocha wa Malampaka alitishia kuondoka, akaonyeshwa nyama, akanyamaza. Filimbi ikapigwa.

Wasichana wa Malampaka walikuwa hodari kweli. Kila walichorusha kiliingia, na watu wote walikuwa kwao wakipiga makofi. Kwetu alibaki bibi mmoja, nadhani kwa sababu ya kivuli. Nilirusha nikakosa, wenzangu wakarusha wakakosa, na Kabula akafumba macho akaupeleka mpira juu ya paa la ghala. Niliona wazi kuku wa mradi wakitaga katikati ya uwanja wangu. Nilitaka kulia.

Kisha makofi ya kule yakaanza kupoa. Mzee mmoja alisema, "Umeingia tena," kwa sauti ya mtu aliyechoka, akahamia kwetu. Wengine wakamfuata. Kwetu kulikuwa na jambo la kusubiri. Mpira ulizunguka juu ya chuma ukatoka, na watu wote wakaugulia pamoja. Bibi wa kivulini alisimama kutufundisha namna ya kukunja magoti. Akina mama wakaziacha sufuria.

Madamu Limi akaja mbio kuninong'oneza. "Doto, msifunge. Mkifunga tu wataondoka."

Sikuwahi kupewa agizo rahisi kama hilo, na lilinichoma. Miezi yote tumekosa bila kutaka, sasa tukose kwa makusudi. Nikawaambia wenzangu. Tukakosa kwa bidii, hadi wasichana wa Malampaka wenyewe wakaacha goli lao wakaja kututazama, kocha wao nyuma yao na sahani ya nyama mkononi.

Mzee Masanja aliinua fimbo yake kumaliza mashindano wakati mpira uko kwa Kabula. Kabula, mtiifu siku zote, alifumba macho ili akose vizuri, akarusha. Ukaingia katikati bila kugusa chuma.

Watu walimbeba. Alipofumbua macho yuko juu ya mabega, akauliza, "Jamani, nimeharibu?"

Tulirudi jioni juu ya pamba, na kondoo dume wa zawadi katikati yetu. Ushindi tuliokuwa nao hakuna kitabu cha kanuni ambacho kingeukubali.

Bariadi, mkuu wa chuo alikuwa anatusubiri getini.

"Mmeshinda?"

"Tumeshinda," nikasema.

"Kwa ngapi?"

Nikashindwa kudanganya. Nikamweleza yote, mipira miwili, paa la ghala na kikapu kimoja cha bahati. Alinisikiliza akimtazama kondoo. Baba yake, kumbe, alikuwa mchezaji wa ngoma.

"Watu walibaki upande gani?"

"Kwetu. Na Malampaka wenyewe."

"Basi mmeshinda," akasema, akachukua kamba ya kondoo.

Nilichojifunza ni kwamba anayekosa huku anajaribu tena ana watu wake, ingawa ningependelea kuwa na pointi. Siku iliyofuata tulipofika mazoezini tulimkuta kondoo amefungwa kwenye nguzo ya goli. Mkuu wa chuo alikuwa ameleta kiti chake, amekaa pembeni, anasubiri kuona kama mpira utaingia.