Mama alivyomvusha ng'ombe mpakani ndani ya kibuyu (Lukole enzi za ukimbizi)

Wakuu, habari zenu. Hii siyo chai. Mama yangu yupo hai hapa Keza, nikitia chumvi atanirekebisha mwenyewe.

Kuna mtu humu aliuliza kwa nini dunia iling'ang'ania dhahabu tangu enzi za wafalme, wakati hailiwi. Mimi jibu nililiona kambini Lukole, kambi ya wakimbizi upande huu wa mpaka.

Tulipokimbia Burundi, baba aliuza ng'ombe wote fasta, akajaza faranga kwenye mkoba.

Mama akagomea mmoja tu, Gaju, zawadi kutoka kwao. Huyo akamuuza mwenyewe, fedha yake akampa jirani yetu mchimba dhahabu, akapewa kipande cha dhahabu, ukubwa wa haragwe.

Akakizamisha ndani ya igisabo, kile kibuyu chetu cha kusukia maziwa, chini ya siagi iliyoganda. Njia nzima watu walimcheka. Baba ndiye kinara: "Ng'ombe huna, kibuyu cha nini?"

Mama akakikaza vizuri mgongoni, akaendelea kutembea.

Kambini faranga zikaanza kunyauka. Kila mara baba akienda kubadilisha, anarudi na shilingi pungufu. Zilizobaki zikaliwa na mchwa. Wakuu, nilimwona baba yangu akilia.

Halafu kaka yangu Dezire akampenda binti wa Kihangaza, kabila la wenyeji wa hapa Keza. Baba wa binti hakuzunguka: "Mwanangu, sikukatai. Ila makaratasi sipokei. Nataka ng'ombe asimame hapa uani."

Na kulikuwa na mposaji mwingine, mwenye ng'ombe wake, ameshaanza kupiga hodi. Dezire akaacha kula kabisa.

Ndipo mama akashusha igisabo.

Mnunuzi wa dhahabu kutoka Biharamulo alikuwa anakuja sokoni kambini. Akakisugua kile kipande kwenye jiwe lake, akadondosha asidi kupima kama ni halisi, akafuta. Kinanuka siagi iliyochacha, lakini kinang'aa kama siku ya kwanza!

Akacheka. "Mama, hata angekileta mjukuu wako, mimi ningekinunua tu."

Hapo nikaelewa. Haiozi, mchwa hawaiwezi, hakuna serikali ya kuichapisha, ni ngumu kupatikana, na kila nchi utamkuta anayeitaka. Wafalme hawakuwa wajinga.

Kwa fedha ile tukapata mtamba mwekundu. Mama akamwita Gaju. Baba akashika kamba, akamswaga mwenyewe mpaka kwa wakwe.

Dezire akaoa. Vigelegele vya siku ile bado navisikia, na yule mwenye ng'ombe wake alikuja kula pilau kama sisi wengine.

Sasa, kwa mila zetu, ng'ombe wa mahari akizaa, wakwe wanarudisha ndama. Gaju akazaa jike. Ndama akaletwa kwetu, akakua, naye akazaa.

Mama akaosha igisabo, akasuka maziwa. Siagi ya kwanza akamwekea baba kwenye sahani.

"Baba Dezire, uliuliza kibuyu cha nini. Haya, kula."

Baba akala yote, akalamba na vidole.

Funzo langu: ukiweka akiba, jiulize kama itavuka mpaka na wewe na kufika ikiwa nzima.

Wazee wenu nao walificha nini, na wapi? Mwageni hapa, mama ameomba nimsomee.