Chupa ya Soda Juu ya Kabati

Bertilla alikuwa amelea watoto wa watu kwa miaka kumi na minane katika kituo kimoja cha malezi ya mchana huko Kizwite, lakini mende wa msimu huu walimnyima raha. Asubuhi moja Masanja, mfugaji, alipomleta binti yake Minza, alimwachia Bertilla chupa ya soda yenye dawa ya kuogeshea ng'ombe.

"Nyunyiza jikoni, mama. Hawatarudi."

Bertilla aliiweka juu ya kabati, akaenda kukoroga uji. Moyo haukutulia. Aliporudi alimkuta Minza amepanda kiti, vidole vimeshashika kizibo.

Alimshusha, akamnawisha kwa sabuni mara mbili, akaifungia chupa stoo, kisha akapiga simu.

"Baba Minza, njoo uchukue dawa yako. Watoto hapa wanatambaa sakafuni na kulamba kila kitu."

Masanja alifika, akaelezwa yaliyotokea, akaondoka na chupa yake. Mchana akarudi na saruji, akaziba nyufa chini ya sinki, huku Bertilla akisugua uji uliogandia nyuma ya kabati.

Mende walipungua wiki ile ile. Hata hivyo, Bertilla aliendelea kuchungulia ndani ya kila kikombe kabla ya kumpa mtoto.