Bendera Yenye Jembe ku Ukuta wa Masomo

Juzi mujukuu wangu alikuwa anapaka mulango wa chuma rangi ya mafuta. Ile harufu kali, yenye kuchanganyika na esansi ya kulainisha rangi, ikaingia mpaka mu jiko, na mimi nikaacha kuchambua maharage. Hasira ilinipanda. Musishangae. Kuna hasira hazizeeki, na hii nitawaambia niliipatia wapi.

Baba yangu alikuwa muchoraji mu Mususa, hapa Butembo. Alikuwa anaandika majina ku maduka na kuchora vichwa vya banamuke ku nyumba za kusuka. Nilimubebea makopo tangu nikiwa mudogo. Nilipofika miaka kumi na mbili, mustari wangu ulikuwa unanyooka kupita wake, mais hiyo alikuwa anaisema tu akishakunywa.

Donc, vita ikatupitia. Basoda ba zamani bakakimbia na magodoro ya batu, bapya bakaingia, inchi ikabadilishwa jina. Ku ukuta wa masomo yetu, shule ya sekondari, kulikuwa bendera kubwa ya Zaire: rangi ya majani, na mu katikati muviringo wa manjano na mukono wenye kushika mwenge. Komanda mupya akatuma neno: anataka kuona bendera mupya, bulu na nyota, mbele ya juma kuisha. Direkta wa masomo, mutu mwenye kutumwa kutoka mukoa mwingine, shati nyeupe kila siku, akamutafuta baba. Baba alikuwa mbali, kule Kamango, barabara imefungwa.

"Basi wewe," akaniambia. "Unajua kazi ya baba yako."

Bulu ilifika nusu ya ukuta, ikaisha. Mu soko lote hakukuwa ingine. Nikakaa juu ya ndoo, nikaangalia. Juu bulu, chini majani. Mais hiyo ni Butembo yenyewe! Yale majani nikayafanya milima, na mistari ya mashamba yenye kupanda mpaka juu. Nyota, ile kubwa na sita ndogo, nikaziweka juu ya milima. Mukono sikuufuta, niliunyang'anya tu mwenge, nikaupatia jembe, kwa sababu sijaona mutu wa kwetu analima na mwenge.

Batoto balisukumana ku ukuta. "Ule ni mukono wa mama yako," mumoja akanichokoza. "Angalia vidole vinene!" Direkta naye alicheka, mikono mu kiuno. "Eh, binti! Hii kweli ni inchi." Muyashike maneno hayo.

Kesho yake asubuhi komanda akafika, na mimi nimesimama pale ku ukuta na makopo yangu. Alishaninyooshea kidole, mudomo wazi, na filimbi ikalia. Munajua desturi yetu: bendera ikipanda, kila mutu anaganda pale iko, hata mwenye kubeba mukungu wa ndizi ku kichwa. Komanda akaganda, uso ku ukuta wangu, kidole mu hewa. Wimbo wa taifa muzima aliangalia jembe. Niliona mudomo wake unajifunga pole pole, nikafikiri nimepona.

Wimbo ulipoisha, akauliza kwa sauti ndogo: "Nani alikubali hii?"

"Huyu binti, mukubwa," direkta akajibu mbio. "Alijichorea. Mimi sikuona."

"Direkta, si ulicheka jana?" nikamuuliza.

"Nyamaza! Unataka kuniua?"

Komanda akaamuru ifutwe. Nilikwangua ukuta na kipande cha bati siku nzima, mu jua, batoto bote banapita. Jioni direkta akafuta jina langu mu kitabu cha mwaka wa tano. Mama akaenda kumuona na kuku mu kwapa, mimi nyuma yake.

"Direkta, mutoto aliiba? Alitukana mutu?"

"Mama, hii ni politiki."

Kuku alikataliwa, na mimi nilikataliwa. Tulirudi batatu ku nyumba.

Miaka mingi niliamini kama nilikosa, kama bendera ni kitu kitakatifu, mukono wa mutoto hauwezi kukigusa. Kisha, nikiwa mama wa batoto bane, serikali yenyewe ikaibadilisha tena: bulu ya kung'aa, mustari mwekundu, nyota moja. Zile sita ndogo bakazitupa. Hapana mutu alikwangua kitu mu jua. Hapo nikaelewa kama bendera nayo inachorwa na batu, na bakubwa bakijichorea, banaiita sheria. Komanda nilishamusamehe, hakunijua. Direkta, hapana. Yeye aliona vizuri, alipenda, na alinifukuza juu ya kitu alichokipenda.

Siku ile bendera ya nyota moja ilipanda mara ya kwanza, nilivaa kikwembe changu kizuri, nikakaa mbele ya nyumba kama mujinga, ninangojea mutu aje aseme: mama, kosa lilikuwa letu, rudi mu mwaka wako wa tano. Nilikaa mpaka saa ya kuwasha moto. Hapana mutu alikuja.